Jinsi ya Kuunda Treni ya Mfano ya Super Chief Inayolingana na Mwaka Wake

Wengi wanaotamani kuunda mfano wa Super Chief, treni ya abiria ya zamani ya Marekani, huanza na kichwa cha treni, kwa sababu ndicho kinachovuta macho: pua nyekundu, mkanda wa manjano na ubavu unaong'aa kama fedha. Wakishakipata hukifungia mabehewa yoyote ya rangi ya fedha waliyo nayo, wakaamini kazi imekwisha. Mimi nilianza hivyo hivyo. Treni yangu ya kwanza ilivutwa na vichwa vya mwaka 1937, mkiani ikawa na behewa la mwaka huo huo, na katikati nikaweka behewa lenye kuba la kioo ambalo lilitengenezwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Ilipendeza, lakini treni ya namna hiyo haijawahi kupita popote. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye mwaka, kwa kuwa ukishauchagua, maswali mengi ya kichwa, mabehewa, stesheni na hata rangi hujijibu yenyewe.

Kuchagua mwaka

Super Chief ilikuwa treni ya kifahari ya kampuni ya reli ya Atchison, Topeka and Santa Fe, ambayo kwa kawaida huitwa Santa Fe tu. Ilianza safari tarehe 12 Mei 1936 kati ya stesheni ya Dearborn mjini Chicago na Los Angeles, ikikata takriban kilomita 3,580 kwa saa 39 na dakika 45. Santa Fe iliiendesha hadi mwaka 1971, shirika la Amtrak lilipochukua treni zake za abiria. Miaka hiyo 35 ina angalau treni tatu tofauti ndani ya jina moja.

Ya kwanza ni ile ya 1936, iliyovuta mabehewa mazito ya kampuni ya Pullman ya mtindo wa zamani kwa vichwa viwili vya dizeli vyenye umbo la sanduku. Ni treni yenye historia nzuri, lakini karibu hakuna anayeikumbuka, na mtu akiiona mezani kwako utalazimika kumweleza kwamba hiyo nayo ni Super Chief. Iache hadi utakapokuwa umeunda nyingine.

Ya pili ni ya Mei 1937, yenye mabehewa mepesi ya chuma kisichoshika kutu yaliyotengenezwa na kampuni ya Budd. Mabehewa yake yalipewa majina yanayotoka kwa watu wa asili wa Kusini-magharibi mwa Marekani: ya kulala yaliitwa Isleta, Laguna, Taos na Oraibi, sebule ikaitwa Acoma, behewa la kulia chakula Cochiti, na la mkiani Navajo. Treni hiyo ilivutwa na jozi ya vichwa vya aina ya E1 vya kampuni ya Electro-Motive, kila kimoja kikiwa na nguvu farasi 1,800. Uzuri wa mwaka huu kwa mwundaji ni kwamba treni ni fupi na idadi ya mabehewa inajulikana, na baadhi yake bado yapo: Cochiti imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli la jimbo la California, mjini Sacramento, na Navajo ipo katika makumbusho ya reli ya Colorado, mjini Golden. Picha zake zinapatikana kwa kila upande. Ugumu wake ni kwamba itakubidi utengeneze mengi kwa mkono wako.

Ya tatu, ambayo ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza, ni ile iliyopangwa upya mwaka 1951. Hii ndiyo yenye vichwa vya aina ya F (F3 na F7), kuba la kioo na chumba cha faragha cha kulia kilichoitwa Turquoise Room. Ndiyo pia iliyotengenezewa mifano mingi zaidi na kampuni za treni za mifano: Kato imeitoa kwa skeli (kipimo cha kupunguza ukubwa) ya N, Walthers kwa skeli ya HO, na upande wa skeli ya O, Lionel ilianza kuuza kichwa cha F3 chenye rangi za Santa Fe mwaka 1948, kikawa miongoni mwa mifano iliyojulikana zaidi katika historia ya kampuni hiyo.

Mwaka unaamua pia mandhari. Mtu anayeunda treni ya 1937 hapaswi kuiingiza katika stesheni ya Union ya Los Angeles, kwa kuwa stesheni hiyo ilifunguliwa Mei 1939, na kabla ya hapo Santa Fe ilitumia stesheni yake ya La Grande. Vivyo hivyo, hadi mwaka 1948 treni hii haikuondoka kila siku. Mwanzoni iliondoka mara moja tu kwa wiki, kwa sababu seti ilikuwa moja. Anayeweka Super Chief mbili za 1937 zikipishana njiani anaonyesha tukio ambalo seti hiyo moja isingeweza kulifanya.

Skeli, urefu na kona

Behewa la kawaida la treni hii lilikuwa na urefu wa futi 85, yaani karibu mita 26. Katika skeli ya HO, ambayo ni 1 kwa 87, behewa hilo linafikia sentimita 30; katika skeli ya N, 1 kwa 160, ni sentimita 16; na katika skeli ya O, 1 kwa 48, ni sentimita 54. Hesabu hizi ziandike kabla ya kununua chochote. Treni kamili ya 1951 yenye vichwa vinne na mabehewa kumi inahitaji karibu mita 3.7 katika HO na karibu mita 2 katika N, na huo ni urefu wa treni peke yake, kabla hujafikiria jukwaa la kuisimamisha wala njia ya pembeni ya kuipishia.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kona. Behewa refu likipita kwenye kona kali, katikati yake huingia ndani na ncha zake hutokeza nje, na treni iliyobuniwa ionekane kama utepe mmoja wa fedha hugeuka kuwa msumeno. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa: sentimita 90 katika HO, na karibu sentimita 49 katika N. Mabehewa mengi yatapita hata kwenye kona za sentimita 61 katika HO bila kuanguka, na watengenezaji wengi watakuahidi hivyo, lakini kupita na kupendeza ni mambo mawili. Ukilazimika kutumia kona kali, zifiche ndani ya handaki au nyuma ya kilima, na kona pana ziache mbele mtazamaji anaposimama.

Ikiwa nafasi ni ndogo, punguza idadi ya mabehewa na uepuke mabehewa yaliyofupishwa. Behewa lililofupishwa hupoteza baadhi ya madirisha, na katika treni hii madirisha ndiyo yanayotambulisha aina ya behewa. Treni ya 1951 yenye vichwa viwili na mabehewa sita (la mizigo na posta, la kulala, la kuba, la kulia chakula, la kulala, na la mkiani) bado inasomeka vizuri kama Super Chief, na katika HO haizidi sana mita mbili.

Mpangilio wa mabehewa

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo treni inapopata maana yake. Mbele kabisa, nyuma ya vichwa, hukaa behewa la mizigo na la posta, kwa sababu abiria wa kifahari hawakutakiwa kukaa karibu na kelele za injini, na pia kwa sababu wafanyakazi wa posta walihitaji kufanya kazi bila kupitiwa na wageni. Baada yake huja sehemu ya mabehewa ya kulala. Katikati ya treni huwekwa behewa la kuba na la kulia chakula yakiwa yamegusana, kisha mabehewa mengine ya kulala, na mwisho behewa la mkiani lenye ncha ya mviringo.

Kuba na chakula havitenganishwi. Mabehewa ya kuba ya Super Chief, yaliyoitwa Pleasure Dome, yalikuwa sita, yakiwa na namba 500 hadi 505, na yalitengenezwa na Pullman-Standard. Juu kulikuwa na viti vinavyozunguka chini ya kioo, na katika ngazi ya chini kulikuwa na sebule na ile Turquoise Room iliyokodishwa kwa vikundi vidogo vya walaji. Milo ya chumba hicho ilitoka katika jiko la behewa la jirani. Ukiweka behewa la kulala kati ya hayo mawili, umemlazimisha mhudumu apite na sinia mbele ya milango ya watu waliolala.

Mabehewa ya kulala ya kipindi hiki yalikuwa ya vyumba peke yake, bila vitanda vya wazi vyenye mapazia. Aina ya Palm na Pine ilikuwa na vyumba vidogo 10 vya mtu mmoja na vyumba 6 vya watu wawili. Aina ya Regal ilikuwa na vyumba vikubwa zaidi, kwa hiyo vilikuwa vichache. Behewa la mkiani lilikuwa la kundi la Vista. Jambo ambalo waundaji wengi hulipuuza ni kwamba pande mbili za behewa la vyumba hazifanani: upande mmoja una madirisha ya vyumba, na upande wa pili, pale vyumba vya watu wawili vilipo, una madirisha ya ushoroba. Kwa hiyo usichukue picha ya upande mmoja ukainakili kwa pande zote mbili.

Vichwa vya F3 na F7 vilifungwa kwa kawaida vinne kwa pamoja, viwili vya nje vikiwa na chumba cha dereva na viwili vya kati vikiwa havina. Santa Fe iliviandika kwa namba moja na herufi nne: L, A, B na C, ambapo L na C ndivyo vyenye chumba cha dereva. Kila kimoja kilikuwa na nguvu farasi 1,500, hivyo vinne vilitoa 6,000. Ukinunua vichwa kimoja kimoja, hakikisha namba ni moja na herufi hazijirudii. Ni kosa dogo, lakini mjuzi hulitambua kabla hajaona kitu kingine chochote.

Rangi na mng'ao wa chuma

Rangi za pua zilibuniwa na Leland Knickerbocker wa General Motors, kampuni mama ya Electro-Motive, kwa ajili ya treni ya 1937, na umbo lake hufananishwa na kilemba cha manyoya cha shujaa wa kivita: nyekundu inafunika pua na kurudi nyuma ubavuni ikizidi kuwa nyembamba, ikitengwa na fedha kwa mkanda wa manjano wenye kingo nyeusi, na mbele kuna nembo ndefu ya manjano yenye jina la Santa Fe. Ukinunua kichwa kilichopakwa kiwandani, kazi hii imekwisha. Ukipaka mwenyewe, anza na rangi ya msingi, kisha ya fedha, uiache ikauke kwa siku mbili nzima, uifunike kwa vanishi, na hapo ndipo ubandike tepu na kupaka nyekundu. Mkanda wa manjano na nyeusi usijaribu kuuchora kwa brashi. Tumia karatasi za chapa zinazobanduliwa kwa maji, zilizotengenezwa kwa aina halisi ya kichwa chako, kwa sababu mpindo wa mkanda katika E1 si sawa na ule wa F7.

Tepu ndiyo adui mkubwa wa rangi ya fedha. Kabla ya kuibandika kwenye kichwa, ibandike mara mbili au tatu kwenye kioo ili ipunguze nguvu, na unapoibandua, ivute polepole ikijikunja juu yake yenyewe. Niliwahi kuibandua kwa haraka jioni moja, na ubavu mzima wa fedha ukaja nayo. Nilianza upya kuanzia kwenye rangi ya msingi.

Upande wa mabehewa, shida ni kwamba plastiki ya kijivu iliyopakwa fedha hufanana na plastiki iliyopakwa fedha, haifanani na chuma. Mng'ao wa chuma hupatikana kwa kupaka kwanza rangi nyeusi inayometa, kisha juu yake tabaka jembamba sana la rangi ya metali kwa kipulizio. Ule weusi wa chini ndio unaoipa fedha kina. Mifereji ya mlalo iliyo ubavuni ipitishie wino mwepesi wa kijivu, kisha futa mara moja kwa kitambaa, ili kivuli kibaki ndani ya mifereji peke yake. Usizidishe. Treni hii ilioshwa kwa bidii, na uchafu unaofaa kwa behewa la makaa ya mawe hapa ni tusi. Kilichochafuka kweli ni bogi (fremu zinazobeba magurudumu) na vifaa vya chini ya sakafu, kwa vumbi la jangwa, basi huko ndiko brashi ya vumbi ikafanye kazi.

Mabehewa ya 1951 yalitoka kwa watengenezaji watatu, yaani Budd, Pullman-Standard na American Car and Foundry, na mng'ao wao haukulingana kabisa. Ukiacha behewa moja au mawili yatofautiane kidogo na mengine, treni itaaminika zaidi kuliko ikiwa yote yametoka katika kopo moja.

Ndani ya mabehewa

Super Chief iliondoka Chicago jioni, kwa hiyo mandhari ya kuondoka inahitaji taa, na taa zikiwaka kila kitu cha ndani huonekana. Chagua taa za LED zenye mwanga wa manjano ya joto, kwa kuwa nyeupe ya samawati ni ya zama nyingine, kisha zipunguze nguvu kwa kuongeza ukinzani mpaka zionekane hafifu mno mchana. Usiku zitakuwa sawasawa. Umeme uchukuliwe kutoka magurudumu ya bogi zote mbili, upitishwe kwenye daraja la diodi, linaloufanya uende upande mmoja, na kila behewa lipewe kapasita moja ya kuhifadhi umeme kidogo ili taa zisipepese gurudumu linapopita juu ya vumbi. Kapasita ifichwe ndani ya choo au jiko, ambako hakuna dirisha la wazi.

Kwenye treni ya 1937 paka kuta za ndani rangi mbalimbali za mbao, kwa kuwa ilipambwa kwa mbao adimu za nchi nyingi. Kwenye meza za chakula usihangaike sana. Vyombo vya Santa Fe vilikuwa na michoro ya wanyama iliyobuniwa na Mary Colter kutokana na vyungu vya kale vya watu wa Mimbres, na ni vizuri kulijua hilo, lakini sahani yenye kipenyo cha sentimita 25 huwa milimita 3 katika HO. Kidoto cheupe kinatosha. Abiria wawe wachache na wakae: mtu mmoja anayesimama na kichwa chake kugusa dari huharibu behewa zima. Kama mandhari yako ni ya mchana, vitanda viwe vimekunjwa na viti kufunguliwa.

Uzito, viungio na mwendo

Behewa jepesi huanguka kwenye kona treni inapokuwa ndefu. Chama cha kitaifa cha waundaji wa reli za mifano cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO wakia moja pamoja na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu, na kwa behewa letu la sentimita 30 hiyo ni takriban gramu 195. Kwa N, kwa kanuni yake yenyewe, ni karibu gramu 41. Weka uzito sakafuni, kati ya bogi mbili, kamwe si darini. Tahadhari ni behewa la kuba, ambalo kwa umbo lake lina uzito juu. Liongezee chini kabla ya kulijaribu.

Viungio vya kiwandani mara nyingi huacha nafasi kubwa kati ya behewa na behewa. Badilisha na viungio vifupi hadi vishoroba vya mpira vikaribie kugusana, kisha pitisha treni nzima kwa kurudi nyuma kwenye swichi zote za reli, polepole, kwa sababu hitilafu ambayo kwenda mbele huificha, kurudi nyuma huifichua.

Kuhusu milima, njia halisi ya Santa Fe ilipanda mlango wa Raton, njia ya kupitia milimani mpakani mwa Colorado na New Mexico, kwa mteremko wa hadi asilimia 3.5. Mezani, mteremko huo ukiungana na kona utasimamisha vichwa viwili vyenye mabehewa manane. Bakia kwenye asilimia 2, au weka vichwa vinne vyote vyenye injini, na kama ni vya mfumo wa kidijiti, rekebisha kwanza dekoda zake, yaani vifaa vya ndani vinavyopokea amri, ili viende kwa kasi moja bila kuvutana.

Kasi yenyewe ipime. Mwendo wa kilomita 145 kwa saa, ambao treni hii iliweza kuufikia kwenye tambarare, katika HO ni sentimita 46 kwa sekunde, na katika N ni sentimita 25. Weka alama mbili kando ya reli zikiwa mita moja kutoka moja hadi nyingine. Katika HO, pua ya kichwa isizipite kwa chini ya sekunde mbili. Wengi wakifanya jaribio hili hugundua kwamba walikuwa wakikimbiza treni mara mbili ya kasi yake. Wastani wa safari nzima, pamoja na vituo na milima, ulikuwa kilomita 90 kwa saa, kwa hiyo ukiupunguza mwendo zaidi bado uko ndani ya ukweli.

Mwisho wa njia kuna jambo moja ambalo usipolipanga mapema litakusumbua: treni hii ina mbele na nyuma. Ncha ya mviringo ya behewa la mkiani, pamoja na taa zake nyekundu na bango la mwanga lenye jina la treni, haiwezi kuongoza safari ya kurudi. Jenga kitanzi cha kugeuzia chenye kona pana kama nyingine, kata reli zote mbili pale kitanzi kinapoanza na kinapoishia, na ukipe kifaa cha kugeuza umeme chenyewe, la sivyo reli ya kulia itakutana na ya kushoto na mfumo wote utazimika. Sehemu iliyokatwa iwe ndefu kuliko treni nzima, ukihesabu kutoka gurudumu la kwanza la kichwa hadi la mwisho la mkia, kwa kuwa taa za mabehewa nazo hupokea umeme na zinaweza kuunganisha mkato kwa magurudumu yake.